Dawa za pumu za Neema, shilingi kumi kwa siku

Ile karatasi ya daktari bado ninayo, nimeikunja mara nne ndani ya Biblia. Imeandikwa dawa tatu na kifaa kimoja: inhela (kimkebe cha dawa ya kuvuta kwa pumzi) ya kufungua kifua, inhela ya kuzuia, vidonge vya kutafuna usiku, na spesa, chombo cha kupitishia dawa ya inhela, yenye barakoa ya mtoto. Dirishani, msichana wa duka la dawa la kliniki ile alijumlisha akanitajia shilingi 7,400. Nilikuwa na 1,150. Neema, miaka sita, alikuwa amenilalia begani, na kila akivuta pumzi namsikia akilia filimbi kifuani.

Nilinunua inhela moja, ile ya bluu ya kufungua kifua, tukapanda matatu tukarudi Kayole, hapa Nairobi.

Mimi ni fundi wa nguo. Januari shule zikifunguliwa nashona sare mpaka usiku, Machi cherehani inaweza kulala siku tatu. NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, niliilipia 500 kila mwezi mpaka kazi ikapungua nikaacha, na nilipotaka kurudi, Oktoba 2024 ilikuwa imepita na mambo yote yamehamia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya. Kujisajili hakukunisumbua, nilibonyeza *147# nikiwa kibandani. Kilichonishinda ni malipo. Sisi tusio na mwajiri tunakadiriwa, halafu mchango unadaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Hata aliyekadiriwa kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, anatakiwa kuwa na 3,600 mkononi. Mimi nilikadiriwa zaidi ya hapo. Liliniuma sana, kwa sababu mimi sikukataa kulipa. Nilikosa tu zile pesa zote kwa siku moja.

Basi miezi mitatu tukaishi na ile ya bluu. Kosa langu kubwa liko hapo, na nalisema wazi kwa sababu najua akina mama wengi wako palepale. Ya bluu inafungua kifua kwa saa chache tu. Ndani, njia za hewa zinabaki zimevimba. Neema alikuwa anaamka saa nane usiku akiwa ameketi, mabega yanapanda na kushuka, nami natafuta bodaboda ya kumpeleka akawekewe mashine ya mvuke. Siku moja nilifungua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika nyuma yake pesa zote za usiku huo na usiku mwingine kama huo. Kwa miezi mitatu zilipita zile 7,400.

Jirani yangu, Mama Kevo, ndiye aliyenisukuma. "Mama Neema, si uende kituo cha serikali? Ukishajisajili SHA, pale hawakutozi, hata kama mchango hujalipa." Nilidhani bila kulipa mchango sina haki yoyote. Kumbe zahanati na vituo vya afya vinahudumia yeyote aliyesajiliwa. Nilipanga foleni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Daktari wa pale alisoma karatasi ya zamani, akauliza, "Mama, ya kuzuia anatumia?" Nikanyamaza. Hakunifokea. Alinieleza kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe, na ya bluu ni ya dharura. Vidonge aliviondoa, akasema tuanze bila hivyo tuone. Kisha akafanya jambo lililobadilisha kila kitu: kwenye karatasi mpya hakuandika jina la kampuni. Aliandika jina la dawa yenyewe ya kuzuia, beclomethasone, na kipimo chake. Inhela zilikuwa zimeisha pale kituoni, kwa hiyo nikashuka mjini.

Kule River Road na mitaa yake kuna maduka ya dawa yamepangana, nikaingia moja baada ya jingine. Kama umeshika jina la kampuni, utauziwa ya kampuni hiyo. Ukishika jina la dawa, mfamasia anakutolea zote alizonazo na wewe unachagua. Bei ilianzia 1,300 ikashuka mpaka 720, dawa ileile, kipimo kilekile. Njiani kijana mmoja alitaka kuniuzia inhela isiyo na boksi kwa 200. Nilishawishika, sitaficha. Lakini nani anajua imebaki nini ndani, au imekaa juani siku ngapi? Nilinunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, nikasoma tarehe ya mwisho kabla ya kutoa pesa.

Mkebe una vipulizo 200. Neema anatumia viwili, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Hiyo ni siku 100, yaani shilingi saba na senti kidogo kwa siku. Nilipoona hesabu hiyo nilikaa chini. Niliyokuwa naikimbia ilikuwa bei ya mandazi.

Spesa ya dukani ilibaki juu ya uwezo wangu. Yule mfamasia, mzee wa makamo, aliniambia nichukue chupa ya maji ya nusu lita. Watafiti wa Cape Town waliipima na kuandika mwaka 1999 kwamba ikizibwa vizuri inafanya kazi sawa na ya dukani. Nilipasha waya, nikaukunja kwa umbo la mdomo wa inhela, nikatoboa kitako cha chupa. Mara ya kwanza tundu lilikuwa kubwa, hewa ikavuja, nikatupa. Ya pili ilishika barabara, nikazungushia gundi pembeni hadi pasipite hata sindano. Nilikwangua ukingo kwa tupa usimkwaruze. Naiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe, siifuti. Neema anashika shingo ya chupa kwa midomo, mimi nabonyeza mara moja, naye anavuta na kutoa pumzi taratibu huku nikihesabu kwa sauti mpaka sita. Baadaye anasukutua mdomo na kutema, maana dawa hii ikibaki huleta utando mweupe kinywani.

Ili asivute moshi wala vumbi la nguo, jiko la makaa nimelitoa nje kabisa, na vitambaa nakata mlangoni, si kando ya kitanda chake.

Pesa zinatoka kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Kila siku naweka shilingi kumi, kazi iwepo isiwepo, na kwa kila sare ninayoshona naongeza ishirini. Mwezi wa pili alipolala usiku kucha nilitaka kuruka jioni moja moja ili mkebe ufike mbali. Daktari akakataa katakata: ni yeye atakayepunguza, siyo mimi.

Kwa kalamu ya wino mzito nimeandika kwenye mkebe tarehe tuliyoanza na tarehe ya siku ya mia. Zimebaki siku kumi na tisa. Mpya nimeshanunua, iko kabatini ndani ya boksi lake.