Shangazi na msiba wa Daudi

Harusi ya mdogo wangu imepita salama na ufadhili wa maabara umeongezwa, nami ningepaswa kuandika kuhusu hayo, lakini tangu Jumapili akili yangu haibanduki kwenye maneno machache ya Shangazi yangu wa Korogwe.

Nilikuwa sebuleni nikizungumza kwa simu na binti wa zamu wa maabara yetu, ambaye alinieleza kwamba mtungi wa kaboni dayoksaidi uliisha usiku na seli zilizokuwa ndani ya inkubeta, lile kabati la joto tunamozioteshea, hazikustahimili. Nikasema kwa uchovu, "Kwa hiyo Daudi wote wamekufa?" Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele wa pilau, akaweka ungo chini, akajifunika khanga kichwani na kusema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Daudi yupi, mwanangu? Wa upande wa mumeo?"

Nilicheka, naye hakupendezwa. Nikamweleza kwamba Daudi ni ukoo wa seli ulioanzishwa mwaka 1967 kutokana na uvimbe wa mvulana Mwafrika wa miaka 16 aliyeugua limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za damu, na kwamba Eva Klein na wenzake wa Stockholm waliziotesha seli hizo, zikaendelea kugawanyika, na leo maabara za dunia nzima zinazo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mtoto wa mtu."

"Alikuwa, Shangazi. Mimi mwenyewe sikuwa nimezaliwa."

"Na mama yake alijua kwamba mtakuwa mnamlisha mpaka leo?"

Nilimwambia sijui, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya nyanya, akarudi kwenye mchele wake. Hakulitaja tena, hata kwenye gari wakati wa kwenda ukumbini.

Tangu hapo nimekuwa nikitunga majibu, tena mengine mazuri sana. Ningeweza kumwambia kuhusu Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda, na ambaye mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona ugonjwa ule. Ningemweleza kwamba sampuli kutoka Uganda ndizo zilizowawezesha Epstein, Achong na Barr kuona mwaka 1964, huko London, virusi ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr, na kwamba limfoma hii ni miongoni mwa saratani za kwanza kuponyeka kwa dawa pekee bila kisu. Kila nikifika mwisho wa jibu hilo naona kwamba nimetaja madaktari na wanasayansi tu, na Shangazi aliuliza habari za mama.

Nimejaribu pia jibu la maabara, ambalo ndilo ninaloliweza. Seli B, ile seli nyeupe ya damu ambayo limfoma hii huanzia, ina kipokezi juu ya utando wake. Kikikutana na antijeni, yaani kitu kigeni kinachokitambua, vimeng'enya vya ndani huanza kupachika fosfeti kama swichi za kuwasha, kimeng'enya kiitwacho PI3K huamka, na kingine, AKT, huvutwa kwenye utando na kupeleka amri ya kuishi na kukua. Katika limfoma ya Burkitt jeni ya MYC imehama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na inasukuma seli igawanyike bila kupumzika, lakini msukumo huo peke yake huielekeza seli kwenye kifo, kwa hiyo uvimbe unahitaji ile amri ya kuishi itoke mahali fulani. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kipokezi hutuma ujumbe mdogo wa kudumu hata pasipo antijeni, na kwamba katika takriban asilimia 70 ya limfoma za Burkitt za nje ya ukanda wetu, jeni ya TCF3, inayoukuza ujumbe huo, au ID3, inayoizuia TCF3, imebadilika. Kwa watoto wa huku, ambao uvimbe wao karibu daima hubeba virusi vya Epstein-Barr, mabadiliko hayo hupatikana kwa nadra zaidi. Ni nini kinachochukua nafasi yake? Hilo ndilo swali linalonilipia kodi ya nyumba.

Jumatano niliyeyusha kichupa kingine cha Daudi kutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika. Nikafungua orodha ya muuzaji wa seli, ambayo nimeipitia kwa miaka kutafuta masharti ya kuotesha, safari hii nikitafuta mtu. Kuna jinsia, umri na rangi. Kuna maelezo kwamba Daudi hazina protini ya beta-2 mikroglobulini, na kwa hiyo hazionyeshi juu yake zile alama ambazo mwili hutumia kutambua seli zake. Hakuna kijiji, wala neno lolote kuhusu kama alipona.

Lakini ningekuwa mnafiki nisipokiri kwamba Ijumaa nilisahau yote hayo kwa saa nzima. Picha ya protini ilitoka safi kuliko zote za mwaka huu: mstari wa AKT yenye fosfeti, yaani iliyowashwa, ulififia kabisa baada ya dawa ya kuzuia PI3K, huku AKT yenyewe ikiwa pale pale, na nilimwita binti wa zamu tukaitazama tukitabasamu kama watu waliotazama mwezi wa Idi. Furaha ile ilikuwa ya kweli na sitaiombea radhi kwa yeyote, hata kwa Shangazi, ambaye nadhani angeielewa kama ningempigia simu. Sikumpigia.

Kwa sasa kinachoninyima usingizi ni kingamwili tulizoagiza kwa ajili ya kuzitambua protini kama hizo, ambazo ziko uwanja wa ndege tangu jana zikisubiri karatasi moja ya ushuru. Vipande vya barafu vilivyofungwa nazo vitayeyuka kabla ya Jumatatu, na wakala wa kutoa mizigo amezima simu.