Malkia na melimeli

Jumapili, usiku

Tangu juzi kitabu kiko wazi kwenye meza ya kulia, kurasa zilezile mbili. Kushoto, Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, amevaa gauni jeupe la melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba, kiunoni kajifunga mshipi mwepesi wa rangi ya dhahabu, kichwani kofia pana ya kusukwa. Hana kito hata kimoja. Kulia ni yeye yule, kasimama karibu vilevile, waridi mkononi, uso uleule. Ila hapa kavaa hariri ya buluu na lulu shingoni.

Zote mbili ni kazi ya mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun, na zote ni za mwaka 1783. Ya pili alichora kwa sababu ya kwanza ilikataliwa.

Mchoraji ananigusa kuliko malkia. Walizaliwa mwaka mmoja, 1755, lakini huyu alifiwa na baba akiwa na miaka 12, na kabla hajafika 20 alikuwa akisaidia nyumbani kwa fedha za kuchora sura za watu. Akademia ya Kifalme, chama cha wachoraji wa mfalme, ilikuwa na nafasi 4 tu za wanawake. Tena mumewe alikuwa mfanyabiashara wa picha, jambo ambalo kanuni hazikulikubali. Malkia akamwombea, mfalme akatoa amri, akapokelewa tarehe 31 Mei mwaka huohuo wa 1783. Miezi mitatu haijatimia, kwenye maonyesho ya picha katika jumba la Louvre, Paris, akatundika picha ya melimeli.

Watu wakasema malkia kachorwa na nguo ya ndani. Gauni la aina ile baadaye liliitwa chemise à la reine, na hiyo chemise ni ndugu wa shimizi yetu, kwa hiyo aibu yao naielewa bila mkalimani. Kulikuwa na manung'uniko mengine pia: wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon, Ufaransa, waliishi kwa kazi zao, na malkia anajionyesha na pamba ya kigeni! Picha ikateremshwa.

Hapo ndipo ninapokwama kila usiku. Namwona akirudi kwenye chumba chake cha kuchorea, anatandaza rangi upya, anamvika rafiki yake kile ambacho watu wako tayari kukitazama. Tena hakuipiga chenga kazi ile. Hariri inameta, lesi unaweza kuihesabu matundu. Uso hakuubadilisha. Kwangu mimi huo ndio uungwana wake mkubwa.

Bibi alipofariki mwaka jana tulibishana picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mimi nilileta ile ya uani: bibi kajifunga kanga, ungo wa mchele mapajani, ameinua macho kana kwamba kuna mtu kamwita sasa hivi. Shangazi akaitazama, akanirudishia. "Mwanangu, mama yangu hawezi kuagwa na nguo za jikoni." Ikawekwa ya studio, ya suti ya kijani na mkufu ambao nadhani uliazimwa. Nilinyamaza, na moyoni nilimkasirikia shangazi kwa miezi.

Sasa sina uhakika na hasira yangu. Shangazi alikuwa akimlinda mama yake na macho ya watu, na macho ya watu anayajua kuliko mimi. Mwaka 1783 yalitosha kumshusha malkia wa Ufaransa ukutani. Hata hivyo, nikifumba macho, bibi anayenijia ni wa ungo. Na katika kurasa hizi mbili, mkono wangu unaenda wenyewe upande wa kushoto, kwa mwanamke mwenye melimeli, ambaye anaonekana amepumua kidogo.

Ile ya uani iko ndani ya Biblia yangu. Shangazi anakuja Jumamosi. Nitamwonyesha kitabu kwanza, kisha nimuulize ni nani alimpiga bibi picha ile, maana sijawahi kuuliza.