Nilivyopima kaboni ya udongo wa msitu, baada ya kuumbuka kwanza

Aliyenishauri alisema kazi ndogo tu hiyo, chota udongo na sepetu, peleka maabara, asilimia watakayokupa ndo jibu lako. Nikamuamini mie. Nilitaka kujua kati ya misonobari na miti ya majani mapana ipi inaweka kaboni zaidi ardhini, na kule juu mlimani kwenye baridi inakuwaje. Majibu yakaja, misonobari imeshinda kwa mbali, nikamtangazia kila mtu mpaka mzee mmoja wa misitu akaniuliza, "Na huo udongo una uzito gani?" Nikabaki natoa macho.

Kumbe asilimia peke yake ni bure. Udongo mwepesi wa gramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, wenye kaboni asilimia 3, ukishuka sentimita 30 una tani 90 kwa hekta. Ule ulioshindiliwa wa gramu 1.4, asilimia 2.5 tu, una tani 105! Na mi nilikuwa nimechota pamoja na lile zulia la majani makavu, sasa kwa nini misonobari isishinde?

Raundi ya pili nikabeba ringi ya chuma ya kugongelea ardhini, ili nitoe udongo wa ujazo ninaoujua. Bondeni poa, kule juu ikakutana na mawe ikajikunja kama kopo. Hapo ndo akili ikanijia: chimba shimo, udongo wote weka pembeni, tandika mfuko laini wa nailoni humo ndani, mimina maji ukiyapima mpaka yalingane na ardhi, lita ulizomimina ndo ujazo wa shimo. Mfuko wa kwanza ulitoboka, msitu ukayanywa maji yangu yote, kwa hiyo weka miwili. Mawe yachekeche uyazamishe kwenye ndoo, ujazo wao utoe. Majani ya juu nikayakusanya kivyake kwa fremu ya mbao nusu mita kwa nusu mita. Kukausha udongo wa kupima uzito ni oveni tu, nyuzi 105, kisha uzito mkavu ugawe kwa ujazo.

Safari hii kaboni nyingi ya misonobari ikaonekana iko kwenye zulia, majani yake magumu yana asidi na minyoo hawayataki. Ya majani mapana minyoo wameishusha chini ikashikana na mfinyanzi. Jumla zilipishana kidogo tu! Na kwenye baridi zulia lilikuwa nene hata kwa majani mapana, vijidudu kule vinafanya kazi kivivu. Anayekwambia mti fulani ndo bingwa muulize alipima wapi na alishuka mpaka wapi, maana ya kwenye zulia moto mmoja tu ishapaa hewani.

Ringi bado ninayo, inazuia mlango.