Nilivyotuliza gego kwa mafuta ya karafuu yasiyochakachuliwa

Inanikera kusikia watu wakishauriana kumimina mafuta ya karafuu matupu ndani ya jino bovu, kwa maana mafuta hayo ni makali na huunguza ufizi. Gego lilinishika Ijumaa usiku, kliniki ya meno ikiwa imefungwa hadi Jumatatu, nami nikalituliza kwa mafuta hayo hayo bila kutoka kidonda.

Kichupa cha kwanza nilikinunua kwa mchuuzi mmoja hapa Mombasa, shilingi mia na kitu, naye akiniapia kwamba ni karafuu tupu. Harufu ilikuwepo, lakini nilipogusisha ulimini sikuhisi ganzi yoyote. Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi amewatengenezea maharusi msio wa karafuu, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili, alikuwa amenifundisha kwamba mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji. Nikajaza maji kwenye bilauri, nikadondosha tone. Likaelea na kutandaa juu, kama yafanyavyo mafuta ya nazi. Basi nikaenda sokoni Marikiti, kwa muuza viungo mwingine, nikamwomba afanye jaribio hilo mbele yangu kabla sijalipa. Tone lilisitasita kidogo juu ya maji, kisha likashuka taratibu, mviringo na la manjano, hadi likatua chini ya bilauri. Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza, nami nililipa kwa furaha.

Kinachotia ganzi ni eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta haya, yawe yamekenekwa kutoka kwenye matumba, majani au makonyo, yaani vikonyo vya matumba, ambavyo hutumika sana kule Pemba. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Nyumbani nilitia matone machache katika kijiko cha mafuta ya nazi, nikachovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, nikagusa tundu la jino peke yake na kutema mate yote. Maumivu yalipungua, nikalala.

Watoto wadogo msiwape kabisa, kwani kuyameza kunaweza kudhuru ini. Jumatatu daktari aliondoa uozo na kuliziba gego, kazi ambayo mafuta hayawezi kuifanya. Yaliyobaki nimeyahifadhi katika kichupa cha kioo cheusi, mbali na jua, juu ya kabati wasikofikia wajukuu.