Mwanangu alikua anakula na kucheka huku anakonda, tulivyokuja kugundua shida iko kichwani

Mpaka miezi mitano mwanangu alikua mnene vizuri tu, baada ya hapo uzito ukasimama halafu ukaanza kushuka. Mashavu yakaisha, mapajani ngozi inaning'inia, mbavu unazihesabu. Na bado ananyonya, anakula, anatapika saa ingine lakini sio kila siku. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba hakua mnyonge, yani mtoto aliyekonda vile ungetegemea amelala tu hataki kuguswa, huyu anamchekea kila mtu, macho yako wazi, miguu haitulii.

Tulizunguka miezi minne. Choo kikapimwa, mkojo, damu, maziwa nikabadilishiwa mara mbili, na kila nikienda naulizwa mama unamlisha kweli? Jamani hilo swali liliniuma, kuna siku nililia njia nzima kurudi nyumbani. Ndo nikanunua daftari nikaanza kuandika kila kitu, amekunywa mili ngapi, vijiko vingapi, ametapika lini, wiki tatu mfululizo, ili nikiulizwa tena niwape wasome wenyewe.

Usiku mmoja nikaikalia kadi ya kliniki. Siku zote tulikua tunaangalia uzito tu. Uzito ulikua chini ya mistari yote, sawa, lakini urefu umepanda kawaida kabisa na mzunguko wa kichwa ndo umezidi kupanda. Mtoto akikosa chakula muda mrefu hata urefu unadumaa, sasa huyu anarefukaje huku anakonda? Halafu kuna kitu nilikua nakiona akinyonya, macho yanatetemeka kidogo kidogo upande huu na huu, nilidhani ni usingizi. Nikamrekodi na simu.

Daktari wa watoto tuliyempata safari hiyo alisoma daftari, akarudia video mara tatu, akashika utosi, akasema tumbo tuliache, tupige picha ya kichwa. Wakampa dawa ya usingizi wakafanya MRI, kumbe kuna uvimbe kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, umekandamiza mishipa ya fahamu ya macho. Hali yenyewe inaitwa sindromu ya diensefaliki, daktari anaitwa Russell aliielezea mwaka 1951, na ni adimu, ndo maana wengi wanaanzia tumboni. Alivyonieleza, eneo hilo la ubongo ndo linasimamia njaa na matumizi ya nguvu mwilini, likivurugwa mtoto anakonda hata umlisheje. Niliogopa sana lakini pia, nasema ukweli, kuna mzigo ulishuka, kumbe sikua namnyima mwanangu chakula.

Walichukua kinyama kidogo cha huo uvimbe wakapima, ikawa astrositoma, yani uvimbe wa seli za ubongo, ya aina inayokua taratibu. Kuutoa wote haikuwezekana kwa pale ulipo, na mionzi kwa umri ule wanaikwepa kwa sababu ubongo bado unakua, kwahiyo tukaanza kemo, yani dawa za saratani, zake zilikua karboplatini na vinkristini, zaidi ya mwaka. Vinkristini inafunga choo vibaya, ombeni dawa ya kulainisha mapema msisubiri mtoto aanze kulia. Kipimajoto nilikua nalala nacho maana akiwa kwenye kemo homa yoyote ni hospitali saa hiyo hiyo, hakuna kungoja asubuhi. Mpira wa puani niliukataa mwanzoni nikaona ni kumtesa, leo ningeukubali siku ya kwanza, maziwa ya usiku yalipita humo na mimi nikapata usingizi kidogo.

Mwezi wa tatu wa kemo mizani ikaonyesha gramu 300 zimeongezeka, na kwenye picha uvimbe ulikua bado haujapungua. Nilimwomba nesi ampime tena.

Sa hivi kemo imeisha, mapaja yamerudi. Jicho la kushoto haoni vizuri, homoni zake zinapimwa mara kwa mara, na MRI ni kila miezi mitatu. Inayofuata ni baada ya wiki mbili, daftari nimeshaliweka kwenye begi.