Hamira ya Krismasi

Ijumaa Kuu ya 2020, tarehe 10 Aprili, hatukuwa na kanisa la kwenda. Makanisa yalikuwa yamefungwa, kafyu ilikuwa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na matatu ya abiria 14 aliyopigia debe mume wangu ilibeba wanane tu. Akitoa mafuta na hesabu ya mwenye gari, anarudi kwetu Kayole, Nairobi, mkono mtupu. Mimi nilikuwa nafua Buruburu. Wenye nyumba waliniambia nisije mpaka korona ipite.

Tulisoma 2 Wafalme 4, habari ya mjane aliyekuwa na mdai mlangoni. Nimehubiriwa sura hiyo mara nyingi, kila mara ikiwa ni muujiza wa mafuta. Lakini nabii Elisha hakuanzia kwenye mafuta. Alimuuliza mama yule ana nini nyumbani. Basi tukachukua daftari la hesabu la mtoto. Upande mmoja: unga wa ngano kilo 2, sukari robo, mafuta nusu lita, makaa mkebe mmoja, hamira iliyofunguliwa Krismasi. Upande wa pili: kodi 4,500, duka 1,150, mkopo wa simu 800. Tukapiga magoti, tukaombea kila mstari kwa jina na kiasi chake.

Redioni mhubiri mmoja alikuwa akihimiza watu watume shilingi 500 za “mbegu”, yaani sadaka ya kutafutia baraka. Nilizima. Mjane yule hakuambiwa atume kitu kwa nabii.

Usiku huo nikakanda nusu ya unga, niuze mandazi. Asubuhi donge lilikuwa kama udongo wa kufinyanga, halijainuka hata kidogo. Kosa langu: sikuijaribu hamira. Iliyokaa wazi miezi hufa. Unaitia kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo na kungoja dakika kumi. Isipotoa povu, itupe. Donge lile likawa chapati za watoto, nami nikakopa shilingi 20 kwa jirani nikanunua hamira mpya.

Jumamosi usiku nikakanda kilo iliyobaki: sukari vijiko vitano vya mezani, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, maji vuguvugu karibu nusu lita. Saa tisa usiku unga ulikuwa umesukuma kifuniko cha beseni. Ulifufuka Pasaka, wacheke wanaocheka.

Mjane aliambiwa ajifungie ndani. Mwenye jiko la makaa asifanye hivyo. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, na moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa wamelala. Jiko nililiwasha nje kwenye korido, nikaliingiza makaa yakiwa mekundu, mlango na dirisha wazi, kafyu au si kafyu. Mafuta nikayapima kwa kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, bado, kikiwa cheusi mara moja, punguza makaa, la sivyo ndazi linaiva nje na katikati ni ugali. Mafuta ya uvuguvugu nayo hunywewa yote, ukabaki na hasara.

Zilitoka 30. Saa kumi na moja na dakika tano mume wangu alibeba ndoo yenye kifuniko hadi steji. Akarudi na shilingi 300.

Hapo ndipo nilipoona ugumu wa maneno ya Elisha: uza, lipa deni, kisha mle kinachobaki. Tumbo linataka kutangulia. Tukatoa 160 za unga, mafuta na makaa ya kesho, 20 za jirani, 80 kwenye mkebe wa kodi. Tukala 40, sukuma na unga wa kupima. Pesa tulipokea taslimu tu, maana mikopo mingine ya simu humeza kila kinachoingia hapo hapo, hata mtaji.

Jumatatu nilimwendea msimamizi wa ploti kabla hajabisha, daftari mkononi. Nikamwambia nitaleta 100 za kodi kila jioni. Aliangalia daftari kuliko alivyoniangalia mimi. Akasema, “Haya mama, lakini usiruke hata siku moja.”

Baada ya wiki tulikuwa tunapika kilo mbili. Mandazi kumi za kwanza zilikwenda dukani kupunguza lile deni. Mwishoni mwa Mei nilipeleka fungu la mwisho la kodi, sarafu za kumi tupu ndani ya mfuko wa sukari. Alizipanga mezani kwa mafungu, akakuta moja imezidi, akanirudishia.