Wifi kanikuta naimba

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kooni, halishuki. Wiki ilikuwa na mambo yake makubwa: mwanangu Elia kachaguliwa kidato cha tano huko Lushoto, mume wangu Baba Lidia, aliyepigwa na kiharusi, kakaa kitako kitandani bila kushikiliwa, mwenye nyumba kakubali kusubiri kodi. Namshukuru Mungu kwa yote. Lakini nikikaa tu kwenye cherehani, mguu ukaanza kukanyaga, narudi palepale jikoni, na wifi mkubwa kasimama mlangoni na kikapu cha machungwa ya Muheza.

Nilikuwa nakuna nazi, naimba. Hodi yake sikuisikia. Nilipogeuka alikuwa keshavua viatu, ananitazama.

"Wifi, hivi moyo wako ukoje? Kaka yangu kalala humo ndani hata kijiko hashiki, na wewe unaimba mpaka nakusikia njiani."

Nikasema, "Shikamoo wifi. Karibu, chai ipo." Basi. Jingine halikuja.

Nimeyageuza maneno yale kila upande. "Kaka yangu", utadhani mimi kwake ni mpangaji. "Mpaka nakusikia njiani" ndilo linalochoma zaidi, maana hapo kaniletea na majirani: mtaa wetu wa Makorora wote unajua kuwa mke wa mgonjwa anaimba. Mara najiambia alichoshwa na safari, kasimama kwenye Coaster tangu Muheza. Mara nasikia tena sauti ilivyoshuka pale kwenye "moyo wako", taratibu, neno la mtu aliyelibeba tangu nyumbani.

Na jibu nilikuwa nalo. Kuna dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali ya Bombo. Alinieleza kwamba kiharusi cha Baba Lidia kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimelala na maneno hayatoki. Kuimba, akasema, kunategemea sana upande wa pili, kwa hiyo mtu anayeshindwa kuomba maji ya kunywa anaweza kuimba ubeti aliouzoea tangu utotoni. Jioni moja namnyoa ndevu, naimba wimbo wetu wa kulala, akaingia kwenye kiitikio. Maneno mazima, yenye kichwa na miguu, povu la sabuni bado liko shavuni. Niliweka wembe chini, mkono ulikuwa unatetemeka.

Ningemwambia wifi hilo, angenyamaza palepale. Sikumwambia, na kadiri siku zinavyokwenda sitaki kumwambia. Mimi nilianza kuimba kabla sijajua kuwa kuna faida yoyote. Niliimba wakati hata jicho lake halifungi sawasawa. Furaha niliyopewa na Bwana isisubiri cheti cha daktari ndipo iruhusiwe kukaa nyumbani kwangu. Na Baba Lidia asipotamka neno lingine mpaka mwisho, nitaimba.

Usiku nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na Sila wamechapwa bakora mbele ya watu kule Filipi, wametupwa chumba cha ndani, miguu imefungwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wanamwimbia Mungu. Na imeandikwa kuwa wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Sura hii naijua, jina la Lidia wangu nililitoa humohumo, kwa yule mama muuza nguo za zambarau. Lakini safari hii niliwaza hao wafungwa. Lazima alikuwepo mmoja aliyeuliza gizani, hawa mioyo yao ikoje, migongo imechanika na wanaimba? Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni tena, aliwaandikia watu wa mji uleule: furahini katika Bwana sikuzote. Watu wa Filipi walijua anayesema hayo ni nani. Waliiona migongo ile.

Halafu msidhani silii. Kuna asubuhi naamka, shuka zimelowa, maji ya bomba hayatoki, nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nalia mpaka nachoka, kisha nachagua wimbo. Nachagua, kweli, maana wenyewe hauji. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu: Daudi anaanza kwa kumuuliza Bwana hata lini utanisahau, anamaliza kwa kuimba, na hapo katikati sioni palipoandikwa kuwa adui kaondoka.

Ila kuna kitu kingine kuhusu ile Jumanne, nacho nimekikumbuka leo nikipiga pasi. Baada ya chai wifi aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatoa kisu. Alimenya chungwa polepole, ganda likashuka zima bila kukatika, akatoa kokwa moja moja kwa ncha ya kisu, akamkamulia kaka yake mdomoni tone kwa tone huku kamkingia kiganja kidevuni. Alikuwa akimwita kwa lile jina la utotoni ambalo mimi mkewe silitumii. Mama yao alifariki Baba Lidia hajaanza shule. Wifi ndiye aliyembeba mgongoni. Hakulia, lakini alimenya chungwa la pili na la tatu wakati mgonjwa keshafumba mdomo, akayapanga tu kwenye sahani.

Yule kwake ni mtoto. Akasikia mtu anaimba nyumba aliyolala mtoto wake. Sasa sijui nimkasirikie vipi.

Aliondoka na gari la saa kumi na moja bila kuligusa tena lile neno. Mimi pia sikuligusa. Chini ya kikombe nilikuta elfu kumi imekunjwa ndogo sana. Bado linaniuma, nisiwadanganye, na leo jioni mazoezi ya kwaya nitakwenda.

Kinachonisumbua zaidi usiku huu ni fomu ya Elia. Wanataka ndoo, jembe, fyekeo, sweta, na shuka mbili za bluu bahari. Bluu niliyonayo ni mabaki ya sare, nikiyaunga mshono utapita katikati ya mgongo wake. Na Lushoto wakati huu ni baridi kweli, mtoto hajawahi kulala bila feni. Sweta la baba yake lipo, ila mikono inamzidi, na Elia hataki nilipunguze, anasema baba atalihitaji.